Jani Ndilo Hakimu: Kuchagua Vifaa vya Picha za Infraredi kwa Simu Janja

Nuru ya jua, ijapokuwa macho yetu huiona kuwa kitu kimoja, ni jamii ya mawimbi yenye urefu mbalimbali, na sehemu tuliyojaliwa kuiona huanzia kwenye urujuani wenye nanomita 400 hivi ikakoma kwenye wekundu wenye nanomita 700 hivi. Baada ya mpaka huo nuru haikomi, bali huendelea kumiminika juu ya kila jani na kila paa, ila sisi hatuna jicho la kuitambua. Mwaka 1800 mtaalamu wa nyota William Herschel, akiwa Uingereza, aliipasua nuru ya jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto kando ya wekundu, mahali palipoonekana kuwa hapana kitu, akaona joto likipanda. Na mwaka 1910 mwanafizikia wa Marekani, Robert Wood, akatoa hadharani picha zilizopigwa kwa nuru hiyo, ambamo miti ilikuwa myeupe na mbingu nyeusi. Nuru hiyo ndiyo iitwayo infraredi, na leo simu janja iliyomo mfukoni mwako yaweza kuipokea, kwa sharti kwamba umeichagulia vifaa vinavyoifaa.

Mpiga picha anayekaa Kibaha au Kisarawe ana neema ambayo aghalabu haithamini, nayo ni kuzungukwa na majani. Mikorosho ya Maneromango, miembe na minazi iliyo kati ya Kongowe na Mlandizi, miwa ya majaribio ya kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kibaha, na msitu mzee wa Pugu na Kazimzumbwi unaofunika vilima vya Kisarawe, vyote hivi ni mali ghafi ya sanaa hii, kwa sababu hakuna kitu kinachorudisha infraredi kwa ukarimu kama jani lililo hai. Klorofili, yaani ile rangi ya kijani ya mmea, hufyonza nuru nyekundu na ya buluu kwa ajili ya chakula cha mti, walakini tukivuka nanomita 700 haina tena haja na nuru hiyo, nayo hupenya ndani ya jani, ikagonga kuta za seli na nafasi za hewa zilizo baina yake, ikatawanywa na kurudishwa nje kwa wingi. Weupe unaouona pichani, basi, si joto la jani wala si uchawi wa programu. Ni umbile la jani lenyewe. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa katika ushauri wote unaofuata jani ndilo litakalokuwa hakimu: kifaa kinacholifanya jani liwe jeupe ni kifaa cha kweli, na kisichoweza hivyo, hata kikisifiwa namna gani dukani, ni mapambo.

Kabla hujatoa hata shilingi moja, iulize simu yako kama inaona. Watengenezaji huweka ndani ya kamera kichujio kidogo kinachozuia infraredi isifike kwenye kihisi, kwa maana wasingefanya hivyo rangi za picha za kawaida zingeharibika. Ila kichujio hicho hakizuii kwa ukamilifu, na nguvu yake hutofautiana baina ya simu na simu, na hata baina ya lenzi na lenzi katika simu moja. Chukua rimoti ya televisheni au ya king'amuzi, ambayo aghalabu hutoa nuru ya nanomita 940 hivi, ingia chumba chenye giza, fungua kamera, elekeza taa ndogo iliyo kwenye kichwa cha rimoti kwenye lenzi, na ubonyeze kitufe huku ukitazama kioo cha simu. Ukiona kinuru cheupe au cha zambarau kikimeta, jicho hilo linaona. Kikimeta kwa unyonge mno au kisipoonekana kabisa, kichujio cha ndani ni kikali. Fanya jaribio hili kwa kila lenzi ya nyuma, kisha kwa kamera ya mbele, ambayo mara nyingi huwa na kichujio chepesi zaidi kuliko ya nyuma, na ambayo kwa sababu hiyo huenda ikawa ndiyo kamera yako ya kazi hii ingawa picha zake za kawaida ni duni. Usihadaike na sifa kwamba simu fulani humtambua mwenyewe kwa infraredi: iPhone X ya mwaka 2017 na wenzake hutupa usoni zaidi ya nukta 30,000 zisizoonekana, lakini kamera inayozisoma nukta hizo haikuwekwa kwa ajili ya mtumiaji kupigia picha za mandhari.

Hapa sina budi kutenga vitu viwili ambavyo wauzaji huvichanganya, ama kwa kutojua ama kwa tamaa. Kuna kamera za joto, kama FLIR One iliyotoka mwaka 2014, ambazo huchomekwa kwenye tundu la chaji na kuonyesha mwili, injini au waya uliopata moto kwa rangi za manjano na zambarau. Hizo hupokea mawimbi ya nanomita 8,000 hadi 14,000, ambayo kihisi cha simu hakiwezi kuyaona kamwe, maana silikoni hukoma kuona karibu na nanomita 1,100. Kamera ya joto ni chombo chema kwa fundi umeme, na bei yake ni kubwa, lakini haitakupa mkorosho mweupe chini ya mbingu nyeusi. Ukisikia muuzaji akisema kwamba kifaa chake hufanya kazi zote mbili, muage kwa heshima uende duka jingine.

Sasa tufike kwenye kichujio cha nje, ambacho ndicho roho ya shughuli yote. Kazi yake ni kinyume cha kile cha ndani: huzuia nuru ionekanayo na kuruhusu infraredi peke yake, na namba iliyoandikwa ukingoni mwake, kama 590, 665, 720, 850 au 950, hutaja nanomita ambako mlango huanza kufunguka. Simu isiyofunguliwa na fundi ina mlango wa ndani unaofungwa pale pale ambapo mlango wa nje unafunguliwa, na picha hupatikana katika upenyo mwembamba uliobaki kati ya milango hiyo miwili. Kwa hiyo kichujio cha 850 au 950, ijapokuwa ndicho kinachotoa weusi na weupe uliokolea, kitaiacha simu ya kawaida karibu gizani. Na kile cha 590 au 665 kitaruhusu nuru nyekundu nyingi kiasi cha kuizamisha ile infraredi kidogo iliyopenya, nawe utapata picha nyekundu tu. Kwa simu isiyobadilishwa nasema bila kusita kwamba namba ya kununua ni 720. Hoya R72 ni kichujio cha namna hiyo kilichojipatia sifa kwa muda mrefu katika kamera kubwa, na vipo vya bei nafuu vya namba hiyo hiyo vinavyofaa vizuri kwa kioo kidogo cha simu.

Mnunuzi wa Kibaha au Kisarawe aghalabu ataelekea Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya simu ya Mtaa wa Aggrey na jirani zake, au ataagiza kutoka nje kwa mtandao. Anayekwenda mwenyewe namshauri kwanza apite sokoni akanunue fungu la matembele mabichi, maana atalihitaji. Maduka mengi leo yanawashwa kwa taa za LED, na taa hizo hutoa infraredi kidogo mno, hivyo kichujio kizuri kabisa kikijaribiwa ndani ya duka kitaonyesha giza, ilhali kipande cha plastiki nyekundu kitaonyesha picha, na mnunuzi asiyejua atakikataa cha kweli akakikubali cha uongo. Mwombe muuzaji mtoke nje juani, weka kichujio mbele ya lenzi, pigia picha yale matembele, kisha igeuze picha iwe ya weusi na weupe. Majani yakitoka meupe kuliko ukuta na lami iliyo nyuma yake, fungua pochi. Yakitoka meusi, umeshika kichujio chekundu cha kawaida. Kadhalika jihadhari na vioo vyeusi vinavyouzwa kwa ajili ya kupunguza nuru tu, ambavyo machoni hufanana na cha infraredi ilhali kazi yake ni nyingine kabisa. Ukikielekeza cha 720 kwenye mwangaza wa mchana, usiwe wa jua lenyewe, utaona wekundu mzito wa mbali; cha 850 na kuendelea, hutaona kitu.

Nimesema usiwe wa jua lenyewe, na nalirudia kwa msisitizo: usitazame jua kupitia kichujio cha infraredi, wala usimruhusu mtoto kufanya hivyo. Kioo hicho huondoa mng'ao unaolifanya jicho lijikinge kwa kufumba, lakini huruhusu nuru isiyoonekana ipite, nayo huweza kuichoma retina bila ya mtu kuhisi maumivu. Onyo hilo hilo linahusu vichujio vya kujitengenezea kwa vipande vyeusi vya filamu ya rangi iliyosafishwa, ambavyo kwa picha vyafaa kwa majaribio ya mwanafunzi asiye na fedha, na kwa macho ni hatari ile ile.

Kichujio hakina maana kama hakikai mahali pake. Zipo holda za kubana zenye pete ya hesi, ambazo aghalabu ni za milimita 37 au 52, na ndani ya hesi hiyo kichujio hukazwa kama parafujo. Chagua holda inayoweza kusogezwa ili ikae juu ya lenzi ile uliyoithibitisha kwa rimoti, kwa kuwa simu za leo zina lenzi mbili, tatu au nne, na holda iliyotengenezwa kwa lenzi ya pembeni haitafika katikati. Kama kichujio chako ni kikubwa kuliko pete, nunua pete ya kupandisha ukubwa. Usinunue kichujio kidogo kuliko lenzi, maana pembe za picha zitakuwa nyeusi. Adui mkubwa hapa ni upenyo baina ya kioo na mwili wa simu: kwa vile infraredi inayoingia ni haba, nuru ya kawaida inayopita pembeni, hata ikiwa chembe, itaifunika picha yote kwa ukungu. Kipande cha sponji nyeusi au kitambaa kizito cheusi kilichokatwa duara na kubandikwa nyuma ya pete huliondoa tatizo hilo kwa gharama ya karibu na bure. Kava ya simu ivuliwe kabla ya kubana holda, na simu isiachiwe uhuru wa kubadili lenzi yenyewe katikati ya kazi.

Baada ya kichujio, fedha yako iende kwenye stendi, na hapa natofautiana na wanaoihesabu kuwa ziada. Simu isiyofunguliwa, ikiwa na kichujio cha 720, huenda ikahitaji sekunde nzima au zaidi kupokea nuru ya kutosha hata jua likiwa la saa sita, na hakuna mkono wa binadamu unaotulia kwa muda huo. Vistendi vya plastiki vya mezani, vyenye miguu inayopindika, vyafaa kwa kujipiga picha nyumbani. Juu ya kilima cha Kisarawe, upepo wa kusi unapovuma, hutikisika kama jani. Tafuta stendi ya miguu mitatu yenye uzito, yenye ndoana chini ya shina lake ambapo utatundika mkoba wako, na ambayo miguu yake haijalegea kwenye maungio. Ongeza rimoti ndogo ya Bluetooth, au tumia tu kipima muda cha sekunde mbili kilichomo ndani ya simu, ili kidole chako kisiitikise simu wakati wa kubonyeza. Walakini hata stendi ya chuma haitauzuia mnazi kupeperuka, na makuti yake yatatoka kama moshi mweupe. Wapo wanaoipenda sura hiyo, nami ni mmoja wao, lakini anayetaka kila ukuti uonekane asubiri utulivu baina ya pumzi mbili za upepo, au aanze na miembe na mikorosho, ambayo majani yake ni mazito na hayatikisiki upesi.

Programu nazo ni vifaa, na zilizo bora kwa kazi hii hazina bei. Open Camera, kwa simu za Android, humpa mwenye simu mamlaka juu ya muda wa kupokea nuru, kiwango cha ISO na ulinganisho wa weupe, na katika simu zinazoruhusu huhifadhi faili ghafi ya DNG, ambayo hubeba habari nyingi kuliko JPEG. Weka ISO chini kadiri uwezavyo, ongeza muda badala yake, na urekebishe ulinganisho wa weupe kwa kuielekeza kamera yenye kichujio kwenye nyasi zilizopigwa na jua, ili wekundu mtupu upungue na tofauti za rangi zijitokeze. Snapseed hutosha kwa kuigeuza picha kuwa ya weusi na weupe na kuikoleza. Anayetaka mbingu ya buluu juu ya miti ya rangi ya dhahabu au nyeupe atabadilishana mkondo mwekundu na wa buluu, jambo ambalo GIMP, programu ya bure ya kompyuta, hulifanya bila taabu. Picha ikitoka na duara jeupe katikati, usimlaumu muuza kichujio. Hilo ni doa la nuru linalotokana na baadhi ya lenzi zinapopokea infraredi, na dawa yake ni kujaribu lenzi nyingine ya simu ile ile.

Itakuwaje ikiwa simu yako imefeli mtihani wa rimoti? Wapo watakaokushauri uifungue kwa fundi aondoe kichujio cha ndani. Mimi nasema usiifungue simu unayoitegemea kwa mawasiliano na kwa kutuma fedha, kwani kichujio hicho kimegandishwa ndani ya kamera ndogo mno, na kosa la unywele mmoja huiacha lenzi bila uwezo wa kulenga. Nunua simu kuukuu ya bei ya chini, yenye kamera nzima na kioo hata kikiwa na ufa, mkabidhi fundi aliye na mikono mitulivu, na uikubali hasara ikitokea. Simu iliyofunguliwa ikafanikiwa hugeuza hesabu yote: muda wa kupiga picha hushuka hadi uweze kuishika simu kwa mkono, na vichujio vya 590, 665 na 850 ambavyo nilikukataza hapo juu huwa halali kwako. Njia nyingine ni simu zilizozaliwa na jicho la usiku, kama Doogee S96 Pro ya mwaka 2020, zilizo na kamera isiyo na kizuizi pamoja na taa zake za infraredi. Taa za ziada za aina hiyo, zikiwa za nanomita 850, huonekana kwa wekundu hafifu na kihisi huziona vizuri. Za nanomita 940 hazionekani kabisa, ila kihisi huzipokea kwa unyonge. Anayetamani kumwona komba mdogo wa Rondo, mnyama adimu wa usiku ambaye msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni miongoni mwa makao yake machache duniani, ajue kwamba kibali na mwongozaji ni vifaa vya lazima kuliko taa yoyote.

Vitu vilivyosalia navitaja kwa kupita: pawabenki, kwa sababu kioo chenye mwanga mkali juani hula chaji, kitambaa safi cha pamba, kwa ajili ya vumbi jekundu la barabara za Kisarawe, na vijifuko vya kufyonza unyevu, maana hewa ya Pwani huotesha ukungu kwenye vioo vilivyofungiwa. Vile vijilenzi vya kuchomeka vinavyouzwa kwa furushi, vya kupanua na kukuza, viache dukani.

Kuna jambo moja la adabu ambalo mwenye kununua vifaa hivi lazima alijue kabla ya kuvinunua. Baadhi ya vitambaa vya rangi nzito, hasa vyepesi, hupitisha infraredi, na kamera isiyo na kizuizi huweza kuonyesha kilichositiriwa. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba moja ya kamera za simu ya OnePlus 8 Pro iliweza kuona kupitia baadhi ya plastiki nyembamba na nguo, na kampuni ikatangaza kuizima kwa sasisho kwa simu za Uchina. Sitara ya watu ni amana. Usimpige mtu picha ya infraredi bila ya kumweleza ni picha ya namna gani na kupata idhini yake, na akikubali mwonyeshe matokeo pale pale. Atastaajabu kuona ngozi za watu wa rangi zote zikifanana, kwa kuwa melanini haifyonzi nuru hii kama inavyofyonza ile tunayoiona.

Majira bora ya kuvitumia vifaa vyako ni wiki zinazofuata masika na vuli, majani yakiwa mapya na anga limeoshwa, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, saa ambazo wapiga picha wengine hufungia kamera zao kwa kuukimbia ukali wa jua. Maji ya mto Ruvu yatatoka meusi, mawingu yatasimama kama sanamu, na majengo ya zamani yaliyozungukwa na miti, kama yale ya shule ya Minaki, iliyoanza kazi ya elimu Kisarawe mwaka 1925, au viwanja vya Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa nchi za Nodiki ulioanza mwaka 1963, yatakupa ukuta wa kivuli wa kuushindanisha na weupe wa majani. Omba ruhusa kwa wenye mahali, epuka kabisa kambi na mitambo inayolindwa, na kwa msituni pata kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Na kwa kuwa nimeutaja msitu, nina ombi kwa yeyote atakayevipata vifaa hivi. Satelaiti za Landsat, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, huitumia nuru hii hii ya majani kuutambua msitu uliosimama na uliokatwa. Picha ya simu si kipimo cha kisayansi kama hicho, lakini ni ushahidi ambao mwanakijiji anaweza kuusoma, na vilima vya Pugu na Kazimzumbwi, vilivyoshambuliwa kwa mkaa na makazi miaka mingi, vinauhitaji. Chagua mahali pamoja panapoonekana ukingo wa msitu, weka alama pale miguu ya stendi iliposimama, na kila mwaka baada ya masika rudi upige picha hiyo hiyo kwa kichujio hicho hicho, uandike tarehe katika jina la faili, na uwape nakala walimu wa shule iliyo jirani na ofisi ya wanaoulinda msitu huo.